Viza imegoma, likizo iko palepale: Unguja, Lushoto, Kilwa au Mikumi?

Siku ndege tuliyoikatia tiketi ilipoondoka Dar, pasipoti zetu zilikuwa bado ubalozini. Hatukunyimwa viza, wala hatukupewa. Tulikwama kwenye ule ujumbe wa "maombi yako yanashughulikiwa", ambao unaufungua asubuhi na jioni kama mgonjwa anayepima homa, na haubadiliki. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi. Tiketi zilirudisha kiasi, baada ya makato ambayo nimeacha kuyapigia hesabu kwa ajili ya afya yangu. Kilichobaki kwangu mimi na baba watoto ni siku saba za likizo ambazo kazini walishazisaini na zamu yangu kupewa mtu, watoto ambao walishapelekwa kwa bibi yao Muheza, na koti zito la mtumba nililolinunua Karume kwa ajili ya baridi ya Paris.

Kukaa ndani Tabata wiki nzima hakukuwezekana, maana mtaa mzima tulishauaga. Nilitoka mara moja tu kununua nyanya, nikaulizwa mara tatu, "Mama, mmesharudi?"

Basi tukakaa mezani na karatasi. Mshipa wa safari ulikuwa bado unapiga, ila pochi ilikuwa imepungua na muda ni ule ule. Tukaandika majina manne: Unguja, Lushoto, Kilwa, Mikumi. Unguja na Mikumi nimeshafika zaidi ya mara moja, Kilwa mara moja, na Lushoto ndiko tulikoishia safari hii. Nayaweka hapa kwa ajili ya aliyeko Dar na mkosi kama wetu, mwenye siku nne hadi saba. Jambo moja niliseme mapema, kwa kuwa nililijua kwa kulikosea mwaka mwingine: usitafute mahali panapofanana na kule ulikokosa. Jiulize kule ulikuwa unafuata nini, kisha ukifuate hicho.

Siku zinaliwa barabarani

Wengi huanza na picha. Mimi ningeanza na saa. Likizo ya siku nne yenye siku mbili za basi ni likizo ya siku mbili.

Kwa hilo Unguja haina mpinzani. Boti ya kasi ni kama saa mbili, ndege ni dakika 20 hivi, na mchana huo huo umeshavua viatu. Ila kama pasipoti yako bado imekaliwa, hakikisha kadi ya NIDA haijapotelea kwenye droo, kwa sababu boti inataka utambulisho na treni pia inautaka. Nusu ya jioni yetu ilikwenda kuitafuta kadi ya baba watoto. Ilikuwa ndani ya bahasha ya nyaraka za viza, pamoja na nakala sita za taarifa ya benki.

Mikumi imesogea karibu tangu treni ya SGR ilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024. Zamani safari hiyo ilikuwa foleni ya Kibaha, mizani ya Vigwaza na malori mpaka Chalinze. Sasa Dar hadi Morogoro ni chini ya saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000. Tatizo ni kwamba kituo kiko Kihonda, nje ya mji, na kutoka pale mpaka langoni kuna kama kilomita 100 nyingine za barabara ya Iringa. Ukiwa umeshaelewana na mwenye gari wa Morogoro akusubiri kituoni, unatoka nyumbani alfajiri na mchana uko na twiga. Usipoelewana naye mapema, siku ya kwanza inaishia kwenye kupatana bei juani.

Kilwa Masoko ni kilomita kama 300 kusini. Mabasi ya huko utayapata Mbagala Rangi Tatu, na mwendo ni saa tano au sita. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003 hakuna tena habari ya kulala kando ya Rufiji kusubiri kivuko, hadithi ambayo watu wa Lindi na Mtwara wa rika la wazazi wangu hawachoki kuisimulia.

Lushoto ndiko kunakochosha. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu kilomita 33 za kupanda kwa kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Tuliondoka Mbezi saa 12 asubuhi tukafika saa 9 alasiri, kwa sababu basi lilipumzika Korogwe kwa muda ambao hakuna aliyetueleza. Kama hulali huko angalau mara tatu, usihangaike. Kilwa ningeivumilia kwa kulala mara mbili. Mikumi hata usiku mmoja unatosha.

Hela iliyobaki

Kuwa karibu si kuwa rahisi. Nauli ya Unguja ni ya kawaida tu, hoteli ndiyo inayokula. Bei za ufukweni, kuanzia Nungwi mpaka Paje na Jambiani, zimewekwa kwa dola na kwa ajili ya mtu mwingine. Dawa yake ni kutoishia kwenye programu ya kukatia vyumba. Piga simu mapokezi, salimia, uliza "bei ya mkaazi". Hoteli nyingi wanayo na hawaiandiki popote. Ile bima ya dola 44 unayoisikia, iliyoanza Oktoba 2024, ni ya wageni wanaotoka nje ya nchi, kwa hiyo usiiingize kwenye hesabu yako.

Mikumi ni kinyume. Langoni raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, kiasi kidogo, wakati mgeni analipa kwa dola. (Usiende na noti, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu au benki, na mtandao wa simu pale huja na kuondoka unavyotaka, kwa hiyo lipa kabla.) Kinachouma ni gari. Hifadhi haizungukwi kwa bodaboda. Mkiwa wawili, gari la kukodi la siku nzima linameza bajeti yote. Mkiwa sita mkachanga, halisikiki. Ndiyo maana kwetu Mikumi ilianguka mapema: si safari ya mume na mke waliokwaruzana na ubalozi, ni safari ya ukoo.

Lushoto na Kilwa ni za mtu aliyekwisha kuungua. Gesti safi zipo, chakula cha mama lishe kipo, na bodaboda inakufikisha karibu kila mahali. Lushoto utamlipa mwongozaji wa matembezi. Kilwa utalipia kibali cha magofu, mwongozaji na mashua, na kwa kawaida mashua ina bei yake, muwe wawili au wanane. Kwa hiyo usiwe na haraka pale gatini. Nilipokwenda tulisubiri nusu saa, wakatokea walimu wanne kutoka Nachingwea, tukagawana gharama na karanga.

Ulikuwa unafuata nini kule?

Hapa ndipo tulipogombana. Mimi Ulaya nilikuwa nafuata baridi na miguu: kutembea mtaani nimevaa koti, mikono mfukoni, bila jasho kunitiririka mgongoni. Baba watoto alikuwa anafuata mawe. Tangu sekondari ana picha ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, kichwani. Mtu mwingine angekuwa anafuata bahari, mwingine maduka, mwingine ni kupiga picha tu akaitwa wa kimataifa. Hakuna aibu katika hayo, ili mradi ujiambie ukweli, kwa sababu kila mojawapo lina mahali pake.

Anayefuata maduka na picha aende Unguja, wala asisumbuke kusoma yanayofuata. Anayefuata bahari naye Unguja, lakini atazame mwezi kwanza. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa yanakwenda mbali hadi karibu na mwamba, na kinachobaki mbele ya chumba chako ni mchanga, vidimbwi na kina mama kwenye mashamba yao ya mwani. Ni pazuri kwa kutembea, ila ukitaka kuogelea unangoja. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Siku za maji mafu inapungua. Nungwi na Kendwa, kaskazini, unaweza kuogelea karibu saa zote. Nimewaona watu wakilia na mapokezi kwamba "bahari haipo", kana kwamba hoteli ndiyo iliyoikunja ikaiweka stoo.

Mji Mkongwe wenyewe, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, unatosha siku mbili bila kugusa ufukwe. Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, usiliwekee matumaini ya kuingia: sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Lakini vichochoro vipo, milango ipo, na jioni Forodhani ipo na mishikaki yake na juisi ya miwa. Urojo ule wa mtaani, wa bakuli la plastiki, si ule wa kupambwa kwa ajili ya kamera.

Kasoro ya Unguja kwetu ilikuwa ya moyo, si ya kisiwa. Ndiko nilikokimbilia safari nyingine ilipovunjika, miaka ya nyuma, na nilirudi nimenuna zaidi. Kila meza ya chai ya asubuhi ilikuwa na mtu aliyepata viza. Nilikula nanasi nikiwasikiliza wakilinganisha viwanja vya ndege.

Sasa mawe. Baba watoto alipiga kura yake Kilwa, na kwa haki kabisa. Anayetaka kuona ya kale yaliyosimama peke yake, bila foleni ya tiketi wala kamba za kuwazuia watu, hatapata mahali pa kulinganisha na Kilwa Kisiwani. Unavuka mlango wa bahari kutoka Masoko, unashuka kwenye mchanga karibu na Gereza, ambayo ni ngome ya kale, na baada ya hatua chache uko ndani ya Msikiti Mkuu, ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, nguzo zake za mawe ya matumbawe na kuba zake juu yako. Siku niliyokwenda kulikuwa na mbuzi wawili kivulini na sisi sita. Basi. Ukitembea ufukweni kuelekea mashariki unafika Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman la karne ya 14, juu ya jabali linalotazama bahari, na ndani yake birika la pembe nane. Mwongozaji wetu alikaa ukingoni mwa birika hilo akafunga kamba ya kiatu, kama mtu aliyekaa barazani kwao, na kwa kweli yuko kwao: kijiji chake ni kile ulichopita njiani.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri. Hakuna aliyemwomba taarifa ya benki. Na kuna hili ambalo mwongozaji alilitoa mwisho, kwa makusudi nadhani: sarafu 5 za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Sarafu ya Kilwa imefika Australia. Sisi hatukufika hata dirisha la uhamiaji pale uwanja wa ndege.

Magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 1981. Yalitiwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004 na kutolewa 2014. Ukiwa na siku ya ziada nenda Kilwa Kivinje kwa daladala. Ni mji uliochoka, nyumba za kale zinadondoka kimyakimya, lakini hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, mwaka 1895, na mahali penyewe mpaka leo panaitwa Mwembe Kinyonga. Mimi Kivinje ilinigusa kuliko Husuni Kubwa. Upungufu wa Kilwa ni joto la kweli, mbu (ulizia neti kabla hujalipia chumba), na jioni zisizo na cha kufanya isipokuwa kula samaki. Samaki wenyewe, hata hivyo, si jambo dogo.

Nikashinda mimi, kwa hoja ya koti. Nilimwambia koti hili limeshalipiwa, ni lazima livaliwe mahali fulani katika dunia hii.

Basi likapita Soni, pale maporomoko ya maji yanapoonekana kando ya barabara, hewa ikabadilika dirishani, nikalitoa begini. Bibi mmoja aliyekaa jirani, mwenye kapu la mayai mapajani, akanitazama kutoka kola hadi kifungo cha mwisho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Koti hilo, utasema unakwenda Ulaya."

Baba watoto alicheka mpaka Lushoto.

Mji uko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani, walipokuwa wanalikimbia joto la pwani, waliuita Wilhelmstal, na baadhi ya majengo yao bado yapo. Mwisho wa Oktoba mchana si baridi ya kutisha, na koti lilikuwa mzigo mpaka alasiri. Ukungu ukishuka jioni ndipo lilipopata kazi yake, na usiku nililitandika juu ya blanketi. Tulitembea. Ndicho nilichokuwa nakitaka, na kule kipo tele bila kulipia mlango wa makumbusho: njia za miguu katikati ya mashamba ya kabichi na maharage, msitu wa Magamba wenye mbega juu ya miti, vijiji ambako kila unayekutana naye anasimama akusalimie, na usipojibu vizuri unajulikana umetoka Dar. Kutoka mjini hadi kilele cha Irente ni matembezi ya asubuhi moja. Unafika kwenye jiwe, ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa unaiona Mazinde na mistari ya mkonge, magari ya barabara kuu yakiwa kama punje za mtama zinazotembea. Kabla ya kilele kuna shamba la Irente, ambako wanatengeneza jibini, jamu na mkate wa nafaka ya rai. Tulikaa kwenye nyasi tukala mkate mweusi na jibini, baba watoto akaunusa, akasema, "Haya, hii hapa Ulaya yako." Nilimruhusu aseme.

Na maua yale madogo ya zambarau ambayo wazungu wanayafuga madirishani kwao kwenye vyungu asili yake ni misitu ya milima hii. Yalipewa jina la kitaalamu, Saintpaulia, mwaka 1893, kutokana na jina la afisa wa Kijerumani aliyetuma mbegu kwao. Yamesafiri kuliko sisi.

Ubaya wa Lushoto usifichwe. Saa 3 usiku mji umelala. Mvua ikianza unakaa ndani na kitabu, na kama hukubeba kitabu unakaa ndani na mwenzako. Mtu wa muziki na mataa ataanza kuhesabu saa siku ya pili.

Mikumi nimeiruka kwa sababu haishindani na Ulaya ya aina yoyote. Kule Ulaya hakuna simba wa porini. Hifadhi ilianzishwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na tembo, nyati, pundamilia na viboko utawaona bila kuhangaika sana kwenye tambarare la Mkata. Barabara kuu ya Iringa inapita katikati yake, kwa hiyo kila mtu aliyekwenda Mbeya kwa basi anadai ameshafika Mikumi. Hajafika. Kama watoto wangekuwa nasi, mjadala wote ungeishia hapa kwenye dakika ya kwanza, maana mtoto wa miaka sita haoni tofauti kati ya Husuni Kubwa na ukuta wa jirani uliobomoka.

Mvua, kwa kifupi

Vuli, Oktoba hadi Desemba, mahali pote panne panakwendeka. Masika, Machi hadi Mei, mambo ni mengine. Unguja hoteli nyingi za ufukweni hufunga au hushusha bei, na kwa mtu mwenye hela iliyopungua hiyo ni nafasi, mradi akubali kulowa. Mikumi njia za ndani zinageuka tope. Njia ya Mombo kwenda Lushoto hupata maporomoko ya udongo. Na Kilwa, kumbuka Mei 2024: mvua pamoja na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar kwenda Lindi, na abiria wakakwama kwa siku kadhaa. Likizo ya siku saba haina nafasi ya mchezo huo. Masika ningekwenda Unguja bila kujadili.

Ukiwa na mzazi mtu mzima, Unguja tena, kwa sababu ya mwendo mfupi na hospitali iliyo karibu. Kona za Lushoto zitamtapisha, na kupanda na kushuka mashuani Kilwa, maji yakiwa yamekupwa, ni kuvua viatu na kubebwa.

Pasipoti tulikwenda kuzichukua wiki mbili baada ya kurudi. Tunaomba tena mwakani, na safari hii tumeshapanga pa kwenda viza zikigoma. Baba watoto anataka Kilwa, anasema anadaiwa. Mimi nimeanza kulegea kwa Unguja, maadamu nikimpata wa mapokezi mwenye bei ya mkaazi. Tumekubaliana mwezi ndio utakaoamua: siku za likizo zikiangukia kwenye maji mafu, tunavuka kwenda Unguja, zikiangukia kwenye bamvua, tunapanda basi Rangi Tatu. Koti linabaki Tabata kwa vyovyote.